Kuongeza Nafasi ya Kuhifadhia Vitu Katika Nyumba ya Kupanga: Mwongozo Kamili

Anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe akikosa pa kuweka vitu humwita fundi. Ukuta hutobolewa, kabati hujengwa kutoka sakafuni hadi darini, kazi ikaisha. Mpangaji hana njia hiyo. Kabati la kujengea likibaki ukutani siku ya kuhama, fedha yake imebaki humo, na huenda akakatwa amana kwa sababu ya matundu. Ndiyo maana ushauri mwingi wa kupanga vitu nyumbani haumfai: umeandikwa kwa ajili ya mwenye ukuta.

Mwongozo huu unafuata kanuni moja. Kila unachokiongeza lazima kiweze kuhama nawe, kifae katika nyumba nyingine yenye vipimo tofauti, na kikiondoka ukuta ubaki ulivyokuwa. Ukiishika kanuni hiyo utaviacha dukani vitu vingi vinavyovutia, lakini vile utakavyonunua vitakutumikia katika kila nyumba utakayopanga baadaye.

Hatua ya 1: Jua unachoruhusiwa

Soma mkataba wa upangaji kabla ya kununua hata ndoano moja. Tafuta vifungu vinavyohusu kubadilisha jengo, kutoboa kuta, kupaka rangi, na hali ambayo nyumba inatakiwa kuwa nayo unapoirudisha. Mikataba mingine hukataza tundu la aina yoyote. Mingine huruhusu misumari midogo ya picha ilimradi mpangaji azibe matundu anapotoka.

Mkataba ukiwa kimya, uliza, na uulize kwa maandishi hata kama ni kwa ujumbe mfupi wa simu. Taja jambo lenyewe waziwazi: "Naomba kutoboa matundu mawili ya skrubu nyuma ya rafu ya chumbani ili isianguke. Nitayaziba na kupaka rangi nikihama." Ombi la namna hii hukubaliwa kwa urahisi kuliko "naweza kuweka rafu?", kwa sababu mwenye nyumba anaona ukubwa wa kazi na anaona pia kwamba umeshafikiria mwisho wake. Jibu lake lihifadhi pamoja na mkataba.

Kisha piga picha. Kila ukuta, ndani ya kila kabati, nyuma ya milango, sakafu chini ya sinki, na kila doa au tundu ulilolikuta. Wakati mzuri ni kabla mizigo haijaingia, lakini kama umeshaishi humo muda mrefu, piga leo kabla ya kugusa chochote. Jitumie picha hizo kwa barua pepe ili zibaki na tarehe yake hata simu ikipotea.

Ukiwa ndani ya makabati ya nyumba, angalia kuta zake za pembeni. Mara nyingi kuna safu ya vitundu vidogo vya vigingi vya kushikilia rafu, maana yake rafu inaweza kupandishwa au kushushwa, au kuongezwa nyingine katikati. Hii ni nafasi ambayo tayari unailipia kodi, na wapangaji wengi hawaigusi.

Hatua ya 2: Punguza kwanza

Kosa linalokula fedha nyingi ni kuanza na kununua makontena. Huwezi kujua unahitaji makontena mangapi na ya ukubwa gani kabla ya kujua nini kinabaki.

Fanya kazi kwa aina ya vitu, usifanye kwa chumba. Nguo zote za nyumba nzima kwa pamoja, kisha viatu, kisha vyombo, kisha nyaya na chaja, kisha karatasi. Vitu vya aina moja hutawanyika sehemu nyingi, na ni pale tu vinapolundikwa mahali pamoja ndipo unapoona kwamba una mikasi minne na blanketi nyingi kuliko vitanda. Vitu vya kumbukumbu, kama picha na zawadi, viache mwisho kabisa. Ukianza navyo siku nzima itaishia hapo.

Vile unavyosita kuvitoa vitie kwenye boksi moja, lifunge, andika tarehe juu yake. Baada ya miezi 6, kama hujalifungua kutafuta kitu, yatoe yaliyomo.

Kuna kundi moja linalomhusu mpangaji pekee: mali ya mwenye nyumba usiyoitumia. Mapazia yaliyokuwepo, kiti kibovu, godoro la zamani. Huruhusiwi kuvitupa. Mwombe avichukue. Akikataa, visafishe, vipige picha, vifunge vizuri na uviweke mahali pagumu kufikika zaidi nyumbani, ili visikae kwenye nafasi yako nzuri. Andika juu ya mfuko kwamba si vyako, maana baada ya miaka miwili hata wewe unaweza kusahau.

Karatasi muhimu, yaani vyeti, vitambulisho, mkataba, risiti za kodi na amana, ziweke kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, mahali unapoweza kuufikia upesi ikitokea dharura.

Hatua ya 3: Pima, kisha chora

Chukua futi ya kupimia, karatasi na penseli. Pima urefu, upana na kimo cha kila chumba, halafu pima vitu ambavyo watu husahau: mlango unafunguka hadi wapi, dirisha linaanza kimo gani kutoka sakafuni, soketi ziko wapi, na ule ubao au vigae vya chini ya ukuta vinajitokeza kiasi gani, kwa sababu ndivyo vinavyozuia kabati kugusana na ukuta. Pima pia mlango wa kuingilia, kona za ngazi na lifti kama ipo. Kabati lisilopita kwenye ngazi halina faida hata likiwa zuri vipi.

Vipimo hivi vya kawaida vitakusaidia kuamua kina cha rafu. Hanga ya nguo ina upana wa karibu sentimita 45, kwa hiyo kabati la kuning'iniza nguo linahitaji kina cha sentimita 55 hadi 60. Nguo zilizokunjwa hutaka 35 hadi 40. Vitabu vingi hutosha kwenye 25, na sahani kubwa kwenye 30. Rafu yenye kina kupita mahitaji ni hasara, kwa kuwa mbele hujaa vitu vinavyotumika na nyuma hugeuka kaburi la vitu vilivyosahaulika.

Nafasi ihesabu kwa ujazo, usiihesabu kwa eneo la sakafu peke yake. Kitanda cha sentimita 150 kwa 200 chenye uwazi wa sentimita 25 chini yake kina ujazo wa lita 750. Kabati la nguo lenye upana wa mita 1, kina cha sentimita 60 na kimo cha mita 2 ni lita 1,200. Kwa maneno mengine, uvunguni mwa kitanda kuna zaidi ya nusu ya kabati zima.

Hesabu nyingine ya kukumbuka unapochagua makontena: chombo cha duara kikiwekwa kwenye nafasi ya mraba kinapoteza takriban asilimia 21 ya nafasi hiyo kwenye kona zake. Mikebe na makopo ya duara yakijaa kabati la jikoni, sehemu ya tano ya kabati ni hewa tupu. Chagua makontena yenye pembe, yanayopandana, na ikiwezekana yote ya aina moja au mbili tu, ili vifuniko vibadilishane na yapangike upya katika nyumba nyingine.

Hatua ya 4: Kipe kila kitu kimo chake

Kabla ya kuamua kitu kikae chumba gani, amua kikae kimo gani. Eneo kati ya kiuno na macho, takriban sentimita 70 hadi 160 kutoka sakafuni kwa mtu mzima, ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote nyumbani. Humo unaona na kushika bila kuinama wala kunyanyuka. Liwekee vitu vya kila siku tu. Chini ya hapo weka vitu vizito. Juu ya hapo weka vitu vyepesi unavyovihitaji mara chache kwa mwaka: mablanketi ya ziada, mabegi matupu, nguo za msimu mwingine.

Usiweke kitu kizito au cha kioo juu ya kimo cha kichwa, hata kama kinaenea vizuri. Kukishusha ndipo hatari ilipo, kwani mikono iko juu, macho hayaoni, na huna pa kukimbilia.

Hatua ya 5: Uvungu

Uvungu wa kitanda ndio stoo kubwa zaidi katika nyumba nyingi za kupanga, na hautaki ruhusa ya mtu. Ila ukitupiwa vitu ovyo hugeuka mahali pa vumbi na wadudu.

Pima kimo cha uwazi kwenye pande zote, kwa sababu vitanda vingine vina ubao wa kati unaoshuka chini kuliko fremu. Nunua masanduku yenye kimo pungufu ya uwazi huo kwa sentimita 2 au 3. Yenye magurudumu ni bora, kwani kisichovutika kwa mkono mmoja hakitavutwa. Kitanda kikiwa chini mno, kuna vikombe imara vya kuinulia miguu ya kitanda kwa sentimita 10 hadi 20. Hakikisha mguu unaingia ndani ya kikombe na kukaa sawasawa, na vyote viwe vya kimo kimoja. Kitanda cha mtoto anayerukaruka usikiinue.

Panga kwa safu mbili. Safu ya nje, inayofikika kutoka ubavuni, ni ya shuka, viatu, nguo za msimu unaokaribia. Safu ya katikati ni ya vitu vya mara moja kwa mwaka. Bandika lebo ubavuni mwa sanduku, upande unaoonekana ukiinama. Lebo ya juu ya kifuniko haisomeki mpaka sanduku litoke.

Mabegi ya safari usiyaache matupu. Begi kubwa linakula nafasi ileile liwe na kitu au lisiwe nacho, kwa hiyo lijaze nguo za msimu mwingine. Ukisafiri, utazihamishia kwenye mfuko kwa muda.

Mifuko ya kunyonya hewa hupunguza sana ujazo wa mablanketi na majaketi ya nyuzi za viwandani, nayo naiunga mkono kwa kazi hiyo. Kwa ngozi, na kwa mito au mablanketi ya manyoya ya ndege, siiungi mkono. Manyoya yakibanwa muda mrefu hupoteza ule wepesi wake unaohifadhi joto, na ngozi hupata mikunjo isiyotoka. Nguo yenye unyevu hata kidogo isiingie humo kabisa. Itatoka na ukungu.

Hatua ya 6: Panda juu bila kuumiza ukuta

Kuta ndizo zenye nafasi kubwa isiyotumika, na ndizo zinazoleta ugomvi siku ya kuhama. Anza na njia zisizogusa ukuta kabisa, kisha za gundi, kisha matundu kama umeruhusiwa.

Rafu ya kusimama. Hii ndiyo silaha kuu ya mpangaji. Chagua inayofunguka vipande na kufungwa tena kwa skrubu na bisibisi. Ile ya kugongelea misumari na gundi haistahimili kuhama. Rafu nyembamba ndefu hutumia sakafu kidogo, lakini huanguka kirahisi. Weka vitu vizito, kama vitabu na mashine, kwenye rafu mbili za chini. Rafu ikizidi kimo cha kifua na kuna mtoto nyumbani, lazima ifungwe ukutani kwa mkanda au chuma cha kuzuia kuanguka. Mtoto huvuta droo na kuzipanda kama ngazi, na kabati lenye droo zilizo wazi linaweza kumwangukia. Kwa jambo hili moja nakushauri uombe ruhusa ya kutoboa bila kusita. Tundu huzibwa.

Angalia pia urefu wa ubao wa rafu kati ya mihimili yake. Ukiongeza urefu huo mara mbili, huku kila sentimita ikibeba uzito uleule, ubao unapinda mara 16 zaidi. Ndiyo sababu rafu ndefu za mbao zilizotengenezwa kwa maranda na unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi hulegea katikati zikibeba vitabu. Nunua fupi, au weka nguzo ya kati.

Mlango. Mlango wa kawaida una eneo la zaidi ya mita moja ya mraba na nusu, na nyuma yake huwa patupu. Ndoano za kuning'inia juu ya ukingo wa mlango hazihitaji tundu. Jaribu kwanza kama mlango bado unafunga. Chuma kinene husugua fremu na kuchubua rangi. Kipande chembamba cha kitambaa au sponji kati ya chuma na mlango huzuia michubuko. Mifuko ya viatu ya kuning'iniza hapo hubeba pia sabuni, soksi, vifaa vya kushonea na nyaya.

Fimbo za kubana. Hizi zina springi au skrubu ndani na hujikaza kati ya kuta mbili. Zinafaa ndani ya kabati, kwenye pango la ukuta, au kubeba pazia jepesi linaloficha rafu. Zipo pia nguzo ndefu za kubana kati ya sakafu na dari. Hizo zitumie pale tu dari ni ya zege. Dari ya jipsamu au mbao nyembamba itapasuka.

Ndoano za gundi. Watu wengi huzilaumu kwamba zinaanguka, lakini mara nyingi tatizo liko kwenye maandalizi. Futa ukuta kwa kitambaa cheusi kilicho kikavu. Kikitoka na unga mweupe, rangi hiyo ni ya kuchujuka na hakuna gundi itakayoshika, achana nayo. Rangi mpya iache ikauke walau wiki moja. Ukuta ukiwa laini na imara, ufute kwa spiriti badala ya sabuni, maana sabuni huacha utando. Bandika, kandamiza kwa nusu dakika, kisha subiri kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida saa moja au zaidi, kabla ya kuning'iniza kitu. Usizidishe nusu ya uzito ulioandikwa, hasa penye joto na mvuke. Kioo au fremu nzito visikae kwa gundi juu ya kitanda.

Matundu. Ukiruhusiwa, toboa machache na yafanye kazi kubwa. Jua ukuta wako kwanza. Ukiugonga kwa kidole ukasikika mtupu, ni wa jipsamu, na unahitaji vishikizo vyake maalumu vinavyofunguka nyuma ya bodi. Wa tofali au zege hutaka keekee ya kugonga na plagi za plastiki. Usitoboe kamwe juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari wa wima, wala pembeni yake kwa mstari wa mlalo; nyaya hupita huko. Ukuta wa bafu na jikoni una mabomba, uache.

Wenye chumba kimoja wanaweza kutumia rafu iliyo wazi pande zote mbili kama ukuta wa kutenganisha kitanda na sebule. Iwe fupi na pana, isimame imara bila kuegemea chochote, na ibakishe njia ya kupita ya sentimita 70 au zaidi.

Hatua ya 7: Kabati la nguo

Fungua kabati uangalie chini ya mashati yanayoning'inia. Shati hushuka chini ya mita moja, na kabati lina karibu mita mbili, kwa hiyo nusu nzima iko tupu. Ning'iniza fimbo ya pili kwenye fimbo ya kwanza kwa minyororo au kamba imara, upande mmoja tu, na uache upande mwingine kwa magauni, kanzu na makoti marefu. Kazi hii haihitaji skrubu hata moja. Kabla ya kuifanya hakikisha vishikio vya fimbo ya juu ni imara, maana sasa itabeba nguo maradufu.

Hanga nyembamba za aina moja huokoa nafasi kuliko mchanganyiko wa mbao, plastiki na waya. Sweta usizining'inize, hurefuka mabegani. Zikunje na uzisimamishe kwenye droo moja pembeni ya nyingine kama mafaili, ukingo juu. Kwa kuzisimamisha unaiona kila nguo bila kuvuruga nyingine, na droo hiyohiyo hubeba zaidi.

Viatu vipange kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma. Kiatu ni kipana mbele na chembamba kisiginoni, hivyo jozi hubanana vizuri zaidi.

Hatua ya 8: Jikoni na bafuni

Jikoni tatizo huwa kimo cha rafu za kabati: vikombe vinakaa chini, na juu yake sentimita 20 za hewa. Rafu ndogo zenye miguu, za waya au plastiki, huwekwa ndani na kuzigeuza kuwa ghorofa mbili. Sufuria zipandane kwa ukubwa, na vifuniko visimame pembeni kwenye kishikio kama kile cha kukaushia sahani. Chakula kikavu kiwe kwenye makontena ya mraba yanayoonyesha kilichomo ndani, na unaponunua kipya kiweke nyuma ya cha zamani.

Ubavu wa friji hubeba rafu za sumaku, lakini jaribu kwanza kwa sumaku ndogo, kwa sababu si kila bati la friji linashika. Usizibe nyuma wala matundu yake ya hewa. Friji isiyopumua hutumia umeme mwingi na huchoka mapema. Pengo la sentimita 15 kati ya friji na ukuta linatosha kitoroli chembamba cha magurudumu, ila kisitumie ile nafasi ya hewa ambayo mtengenezaji ameagiza iachwe.

Chini ya sinki bana fimbo moja ya kubana, uning'inize chupa za kupulizia kwa vishikio vyake, na sakafu ya kabati itabaki wazi. Weka trei ya plastiki chini. Bomba likivuja utaona maji kwenye trei kabla mbao hazijavimba, na mbao hizo si zako.

Mambo haya ya usalama hayana mjadala. Dawa ya kufanya weupe yenye klorini isikae pamoja na dawa za choo zenye asidi wala zenye amonia, kwa kuwa zikimwagikiana hutoa gesi ya sumu. Kama kuna watoto, zote zihamie juu au kwenye kabati la kufungwa. Mtungi wa gesi usimame wima mahali penye hewa, usiingie kabatini wala uvunguni. Hakuna kitu cha kuhifadhiwa juu ya jiko. Swichi kuu ya umeme, mita, na koki ya kufunga maji zisizibwe na rafu wala masanduku, na njia ya kutokea ibaki wazi muda wote.

Bafuni, vikombe vya kunyonya hushika vigae laini vinavyong'aa tu. Kwenye plasta na kwenye mistari kati ya vigae haviwezi. Rafu ya miguu mirefu inayosimama juu ya tangi la choo hutumia nafasi ambayo kwa kawaida haina kazi. Dawa za kumeza zitoe bafuni. Mvuke na joto huziharibu, na droo kavu ya chumbani ni salama zaidi, ikiwa mbali na mikono ya watoto.

Hatua ya 9: Linda ulichohifadhi

Nafasi iliyojaa mno haipitishi hewa, na hapo ukungu huanza. Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Acha sentimita 5 nyuma yake. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, fungua madirisha na makabati mara kwa mara, na usikaushe nguo kwenye chumba chenye stoo yako. Vipakiti vya silika jeli husaidia ndani ya sanduku lililofungwa.

Maboksi ya karatasi ngumu ni ya kuhamia. Ukishatulia yatoe. Hunyonya unyevu, na mende hupenda kujificha kwenye mikunjo yake. Kwenye vyumba vya chini, au panapoingia maji ya mvua, inua kila kitu walau sentimita 10 kutoka sakafuni.

Kabati au kitanda kilichotumika kikaguliwe kwa tochi kabla ya kuingia ndani: kwenye viungo, matundu ya skrubu na chini ya droo. Vidoa vyeusi vilivyokusanyika na maganda mepesi ya kahawia ni dalili za kunguni. Ukiviona, kiache hukohuko hata kama unapewa bure. Kuwatoa kunguni kwenye nyumba ya kupanga ni kazi inayohusu hadi majirani.

Hatua ya 10: Siku ya kuhama

Vitabu vipakie kwenye maboksi madogo. Boksi la sentimita 50 kwa 35 kwa 30 likijaa vitabu hufika kilo 35 na zaidi, na chini yake hufunguka ngazini. Skrubu za kila rafu zitie kwenye mfuko wa nailoni na uufunge kwenye rafu yenyewe.

Ndoano za gundi zitoe taratibu. Zenye ulimi wa kuvuta zivutwe chini, sambamba na ukuta, kamwe si kuelekea kwako. Zisizo na ulimi zipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake kama msumeno. Mabaki ya gundi yasugue kwa kidole au kitambaa chenye maji ya vuguvugu.

Matundu yajaze kwa puti, acha yakauke, yasugue kwa msasa laini, rudia kama puti imezama, halafu paka rangi. Muulize mwenye nyumba jina na namba ya rangi mapema. Nyeupe mbili tofauti zikikutana ukutani huonekana kuliko tundu lenyewe. Rudisha rafu za makabati ya nyumba kwenye vimo ulivyozikuta, toa na mali zake ulizokuwa umezihifadhi, kisha simama mahali palepale uliposimama mwanzo na upige picha zilezile upya kabla ya kukabidhi funguo.